Mvumo wa Pikapu ya Mama Miche

Vuuuuu. Hivyo ndivyo ilivyolia, na mpaka leo naisikia vizuri. Haikuwa honi wala injini. Ni matairi yake makubwa, yale yenye meno mapana ya kukanyagia matope, yakishika lami pale kona ya juu na kuvuma kama mzinga wa nyuki uliofunikwa blanketi. Hata kama nilikuwa nyuma ya ofisi nakunywa uji, nikisikia mvumo huo naweka kikombe chini. Nilijua nina muda wa kufunga kitambaa kichwani, kuvuta mpira wa upepo na kusimama mahali pangu kabla pua ya pikapu haijatokea.

Mimi huuza mafuta kwenye kituo kilicho barabarani, chini kidogo ya Githongo. Nilifika kidato cha pili nikatoka, nikapewa ovaroli na kofia, na sina kinyongo. Kazi ya pampu ina raha yake. Dunia nzima inakuja kwako ikiwa na kiu, na wewe unaiuliza inakwenda wapi. Lakini katika wote waliowahi kusimama mbele ya pampu yangu, hakuna niliyekuwa namngoja kama yeye.

Tulimwita Mama Miche kwa sababu aliuza miche ya kahawa, makadamia na parachichi za kuunganisha. Aliikuza kwenye kitalu chake ng'ambo ya mto, akaipeleka mwenyewe kwa wakulima wa milimani, akaipeleka soko la Mikinduri, na mara mojamoja akashuka nayo mpaka Embu, ambako kijana wake wa pekee anafanya kazi ya ofisi. Jina lake la ubatizo nalijua. Lakini hata yeye akipiga simu husema, "Ni Mama Miche," kwa hivyo namwacha hivyo.

Alikuwa mfupi na pikapu ilikuwa ndefu, na hao wawili walikuwa na mapatano yao. Alibeba kreti ya soda iliyofungwa kamba. Akitaka kushuka, mlango unafunguka, kreti inateremshwa kwa kamba mpaka chini, halafu mguu mmoja wenye gambuti unaitafuta kwa kupapasa. Akitaka kupanda anakanyaga kreti, anajivuta, anakaa, kisha anaivuta kreti ndani kama mtu anayechota maji kisimani. Alikuwa bibi wa miaka sitini na zaidi, na ukijaribu kumshika mkono anakutazama mpaka uuachilie.

"Mwari," aliniambia siku ya kwanza nilipojaribu. Mwari ni binti, kwa lugha ya nyumbani. "Mimi nikisaidiwa kupanda, kesho nitasaidiwa kuendesha. Kesho kutwa nitasaidiwa kukaa nyumbani."

Pikapu haikuzaliwa na urefu huo. Zamani ilikuwa pikapu ya kawaida ya dizeli, kuukuu, yenye fo-wili, yaani inayosukumwa na magurudumu yote manne. Msimu mmoja wa mvua, akiwa amebeba makadamia ya shamba zima, aliteremka kuvuka kijito kilicho kabla ya kitalu chake, pua ikachimba ukingo wa pili kama jembe na gari likakaa hapo. Vijana waliokuja kulisukuma walicheka sana kabla ya kuanza kazi. Kicheko hicho hakukisahau. Alikwenda Meru mjini kwa fundi mmoja mwenyeji wa Maua, Mwislamu mzee mwenye Kiswahili kisafi, akamwambia, "Niinue." Fundi akaongeza vipande vya chuma kwenye springi, mwili wa gari ukapanda. Angeishia hapo. Lakini pembeni mwa gereji kulikuwa na matairi manne makubwa yaliyotoka kwenye gari la mtu mwingine, Mama Miche akayaona, akayapenda, akasema, "Na hayo pia."

Nadhani aliyapendea ile sauti. Wakulima wa kule juu waliisikia kutoka ng'ambo ya bonde wakaacha majembe. Kabla hajafika njia panda, walikuwa wamesimama na vikapu na mifuko, kila mtu akijua anataka nini. Hakuwa na haja ya kupiga simu wala honi. Matairi yalimtangulia yakisema anakuja.

Kwangu kituoni alikuwa na desturi zake. Ya kwanza ni kutikisa. Dizeli ikiingia tangini hutoa povu, na povu linaidanganya pampu kwamba tangi limejaa. Kwa hivyo wenye magari hapa kwetu hulitikisa gari ili povu litulie na tangi lishike zaidi. Wengine hutikisa kidogo kwa aibu. Mama Miche alitikisa kama anayetaka kuling'oa. Alipanda kwenye bampa ya nyuma, akashika vyuma vya kando, akaruka juu chini, na kwa vile gari lilikuwa juu na springi zake ndefu, liliyumba kama ngamia anayeamka. Watu waliacha shughuli zao wakaja kutazama. Nami kazi yangu ilikuwa kushika bomba, kungoja na kuongeza kidogokidogo.

Ya pili ni upepo. Kabla ya kuingia njia ya shamba alipunguza upepo matairini. "Miche haina mgongo," alisema. Tairi laini humeza mawe, na udongo haumwagiki kwenye vifuko. Alikuwa sahihi, nimeiona miche yake ikifika wima kama watoto wa gwaride. Shida ni kwamba akirudi kwenye lami alisahau kuujaza tena, na tairi laini kwenye lami hulivuta gari nyuma na kunywa mafuta. Nilimkumbusha kila mara. Alinijibu, "Jaza basi, unangoja barua?"

Alikuwa mtu wa pande mbili kila ulikomshika. Bomba la maji kituoni likidondosha tone, alinifokea kana kwamba nimemwaga mto, huku injini yake ikinguruma bure wakati akisalimia kituo kizima. Na watu hakuwa na subira nao. Mkulima akiuliza swali lilelile mara ya pili alimwambia aende akaulize jiwe. Lakini nimewahi kumwona amechuchumaa kando ya parachichi lililopinda, akilifunga kijiti kwa uzi polepole, akililalamikia kwa sauti ya chini kama mama anayemfunga mtoto viatu. Jumapili aliimba kanisani kuliko wote. Lakini wingu zuri la kupandia likitokea, kabla ya sala ya mwisho utasikia kreti inavutwa pale nje.

Ndoto zangu alizijua. Nilimwambia siku moja kwamba nikifumba macho najiona naendesha kwenda Isiolo na kupita, kuona lami inaishia wapi. Wengine nikiwaambia hivyo hucheka. Yeye aliniuliza, "Na utabeba nini?" Nikasema sijui, hewa. Akasema, "Beba kitu. Gari tupu hurukaruka." Tangu hapo, pikapu ikiwa imesimama na hakuna mteja, aliniruhusu kukaa kwenye usukani na kufanya mazoezi ya klachi na gia, injini ikiwa imezimwa, yeye akiwa chini akinisikiliza kwa masikio tu. "Ya tatu umeibamiza," angesema bila kutazama. "Iombe."

Basi pikapu ilipoanza kunywa mafuta kupita kiasi baada ya kuinuliwa, mimi ndiye niliyeona kwanza, maana mimi ndiye niliyeinywesha. Alikuja mapema kuliko zamani, akiwa amekwenda safari zilezile. Na mlima wa Githongo aliokuwa akiupanda kwa gia ya tatu, sasa aliupanda kwa ya pili, injini ikilia. Kwenye barabara nzuri ya Embu, ukiweka gia ya tano gari lilichoka, kwa hivyo alibaki kwenye ya nne. "Ya tano imekuwa pambo," alisema.

Habari ikaenea na kila mtu akawa daktari. Mwendesha bodaboda mmoja, kijana mwenye maneno mengi, alisimama kituoni akamweleza kwa ukarimu. "Mama, ni urefu. Tangi liko chini, injini imeinuliwa. Mafuta yanapanda mlima kabla gari halijapanda."

Mama Miche alimtazama kutoka juu kwenye dirisha lake. "Wewe uji ukinywa, unapanda au unashuka?"

"Unashuka."

"Ndiyo maana hufiki mbali."

Tulicheka mpaka kijana mwenyewe akashika tumbo. Lakini jioni hiyo hakutikisa gari. Alishika usukani tu, akaniambia jambo lililonikaa. "Mwari, kijana wangu amesikia. Anataka niiuze. Anasema atanikodishia gari kila nikihitaji." Akapangusa vumbi kwenye usukani. "Kukodishiwa ni kuomba kwa risiti."

Ili kuokoa mafuta akaanza kufanya jambo baya. Aliteremka mlima wa Githongo na fri, yaani gia imetolewa, gari likijiendea kwa uzito wake. Wengi hapa hufanya hivyo na wengi wamejuta, kwa sababu injini haisaidii tena kushika gari, breki inabaki peke yake. Na matairi yale yalikuwa mazito, ukiyaanzisha hayataki kusimama.

Asubuhi moja ya ukungu nilisikia vuuuu bila injini nyuma yake. Nilijua tu. Pikapu ilipita mbele ya kituo, yeye akiwa ameshika usukani kwa mikono miwili na amesimama karibu wima juu ya breki. Ilipita geti letu, ikapita duka la mbolea, ikaacha barabara na kuzama kwenye majani marefu ya nepia ya ng'ombe wa jirani, na hapo ikatulia. Nilikimbia. Harufu ya breki ilikuwa kama ya nywele zilizoungua. Aliteremka bila kreti, akaruka tu, akaanguka magotini, akainuka.

"Mwari, lete maji," akasema.

Nikaleta ndoo, nikaanza kuelekea magurudumu. Akanishika mkono. "Si huko. Miche. Imeshtuka."

Akainyunyizia yote, mmoja baada ya mwingine. Mimi nikageuka upande ule mwingine kwa sababu macho yangu yalikuwa yamejaa na yeye hapendi mambo hayo.

Kijana wake alifika Jumamosi. Nilitarajia mtu mkali. Alikuwa mpole, anaongea polepole, viatu vyake vya ofisi vikiogopa matope yetu. Walizungumza mbele yangu, maana tulikuwa tunajaza upepo.

"Mama, mimi siogopi mafuta. Naogopa ile kona."

"Kona siiogopi. Naogopa kiti cha barazani kwako."

"Na usipokikalia wewe, nitakikalia mimi nikingoja simu ya kuambiwa umeanguka?"

Mama Miche akachukua kipimo cha upepo mkononi mwangu, akapima upya tairi nililokuwa nimeshalipima.

Wakapatana hivi. Tungejaza tangi mpaka shingoni, tungekwenda Embu, tungejaza tena huko na kuona imekunywa nini. Ikiwa inakunywa kama kijana alivyosikia, itauzwa. Ikiwa sivyo, mama ataendelea, lakini fri ataiacha. Mimi nilichukuliwa kwa sababu mkono wangu ndio ulioijaza, na ndio ungejua shingo ya tangi iko wapi. Mwenye kituo alinipa ruhusa huku akitikisa kichwa.

Nilikaa katikati, miche miwili ya parachichi kati ya magoti, kama watoto wasio na tiketi. Tulipita Nkubu, tukapita Chuka, tukateremka na kupanda yale mabonde yote, yeye akiwa kwenye gia kila mteremko. Sijawahi kuona mtu akiendesha kwa unyenyekevu namna hiyo. Kijana alikuwa ameshika simu yake yenye ramani, na kadiri tulivyokwenda aliitazama simu, akatazama saa ya kilomita ya gari, akaitazama simu tena, akaipiga kidogo kiganjani.

Embu tuliingia kituo cha watu wengine. Msichana wa pampu, ovaroli yake safi kuliko yangu, alisema tangi limejaa. Mama Miche akasema, "Bado. Tikiseni." Nikapanda bampa. Kijana akasita, akatazama huku na huku kama kuna mtu wa ofisini kwake, halafu naye akapanda. Tukaruka pamoja, viatu vyake viking'aa, na yule msichana akashika bomba kwa mikono miwili akicheka.

Halafu kijana akapiga hesabu. Akaifuta, akapiga tena.

"Mama, saa yako inadanganya," akasema. "Inahesabu mizunguko ya gurudumu. Inadhani bado umevaa matairi ya zamani. Haya makubwa yakizunguka mara moja yanakwenda mbali zaidi, na saa haijui. Tumekuja mwendo mrefu kuliko inavyosema."

Mama Miche alifikiri. "Kwa hivyo miezi yote hii nimekuwa nikienda mbali kuliko nilivyojua."

"Ndiyo."

"Na mafuta niliyasingizia."

"Sehemu." Alikuwa mwaminifu, namheshimu kwa hilo. "Ukirekebisha saa, bado inakunywa kuliko zamani. Si kama nilivyoambiwa, lakini inakunywa."

Kwa hivyo mapatano yalikuwa yamekwama katikati. Haikuwa mbaya kiasi cha kuuzwa, wala nzuri kiasi cha kuachwa hivyo. Tulikula mahindi ya kuchemsha nyuma ya pikapu, hakuna aliyeshinda. Kijana ndiye aliyesema mwishowe, "Twende kwa fundi kabla sijasema neno lingine."

Siku ya pili yake, Meru mjini, yule fundi aliyeliinua alilala chini ya gari, akatoka, akafuta mikono. "Mama, umemvika mtoto viatu vya baba yake," alisema. "Kila hatua kubwa, misuli ileile. Ndiyo maana unashusha gia mlimani, na ndiyo maana ya tano haina nguvu. Hivi viatu vyenyewe ni vizito, kuvianzisha kazi, kuvisimamisha kazi. Njia ni mbili. Nibadilishe meno ya difu, ile gia ya chini inayozungusha magurudumu, yalingane na matairi haya, na hayo meno tutayatafuta mpaka Nairobi. Au uvue viatu."

"Na huu urefu?"

"Urefu nao unakula kidogo, upepo unaingia chini ukiwa mbio. Lakini wewe si mtu wa mbio."

"Nikivua, mto nitavuka?"

"Pua na tumbo vimeinuliwa na springi. Tairi linainua difu tu, na difu yako haijawahi kugonga kitu. Utavuka."

Mama Miche alizunguka gari, akaweka kiganja kwenye tairi la mbele, lililomfika karibu kifuani.

"Hawatanisikia," akasema.

Mimi peke yangu nilielewa anasema nani. Niliwaona kwa mawazo wakulima wa ng'ambo wameinama na majembe, na pikapu inapita kimya nyuma yao. Nilitaka kusema watafute hayo meno Nairobi, hata kama ni mwaka. Nikajizuia. Haikuwa shingo yangu iliyokuwa ikiteremka ile kona.

"Urefu ni wa mto," alisema baadaye, kama anayepanga miche mistarini. "Haya mengine yalikuwa ya kusikika. Vua, fundi." Kisha akamgeukia kijana wake. "Na wewe usitabasamu hivyo."

Hiyo ni habari ya msimu uliopita. Akavaa matairi ya kipimo cha zamani yenye meno ya kiasi. Gia ya tano ikarudi kazini, mlima anaupanda na ya tatu, na anateremka na gia, injini ikimshika. Kreti ya soda bado inatumika, maana springi zimebaki. Anainywesha pikapu yake mara chache kuliko mwanzo, na hiyo ndiyo hasara yangu.

Majuzi nilikuwa nafagia, mgongo kwa barabara, kichwani niko Isiolo, nikasikia salamu ya nyumbani nyuma ya sikio langu, "Muga, mwari." Nikaruka. Pikapu ilikuwa imesimama hatua chache tu kutoka kwangu, kreti ikiteremka kwa kamba. Sikuwa nimesikia kitu.

"Muga mono," nikamjibu. "Umenitisha, mama."

"Umekuwa kiziwi kama wale wa mlimani," akasema. "Sasa nawapigia honi kama muuza mkate. Mmoja ameniambia alidhani nilikufa. Nikamwambia ningekufa ungesikia, ningekuja kukudai usingizini."

Tulitikisa gari sote wawili. Aliniambia kijana wake sasa humpigia simu kuuliza habari za miche, si za kona. Aliniambia msimu ukipungua atanipeleka uwanja wa shule nikaendeshe na injini ikiwa hai. Alisema hivyo huku anatazama kwingine, kama mtu anayetaja hali ya hewa. Halafu akafungua mlango wa nyuma, na kati ya makadamia kulikuwa na moja la yale matairi makubwa.

"Matatu nimeyafanya vitanda vya miche," akasema. "Hili lako. Panda kitu ndani. Au kalia, ukingoja wateja."

Akaniachia na mche wa parachichi, akavuta kreti, akaondoka. Akapanda mlima na ya tatu. Kelele ikawa ya injini tu, halafu hata hiyo ikaisha.

Jioni nilipofunga pampu, barabara ikiwa tupu, sikulipeleka tairi moja kwa moja nyuma ya ofisi. Nililisimamisha kwenye lami, nikalisukuma kwa viganja, nikaanza kukimbia kando yake. Lilikuwa zito, mwanzoni likakataa, kisha likakubali, meno yake yakaanza kushika lami. Nikainamisha sikio nikikimbia, na pale karibu na duka la mbolea, kidogo tu, likavuma.